Barua kwa Mhariri: Ile pembetatu yenu haichoreki

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaohangaika hapo chumba cha habari. Mi ni fundi wa paa na ni msomaji wenu wa siku nyingi, na ukurasa ninaoupenda kuliko hata wa michezo ni ule wa maswali ya wanafunzi, gazeti likifika nyumbani watoto wanagombania huo mi nabaki na siasa. Sasa toleo lililopita mmetoa swali la hesabu ambalo limetuletea ugomvi mezani na naomba nafasi nilieleze, manake nadhani hata baadhi ya walimu wamelipita tu bila kustuka.

Swali lenyewe lilikuwa hivi: pembetatu mraba (yenye kona moja ya nyuzi 90), pembe nyingine ni nyuzi 30, upande unaotazamana na hiyo pembe ni sm 5, haipotenusi (ule upande mrefu kuliko zote) ni sm 8, tafuta upande wa tatu. Haya, mwanangu mkubwa katumia kanuni ya Pythagoras, 8 kipeo cha pili ni 64, toa 25 inabaki 39, kipeuo chake 6.24. Mdogo wake katumia cos (hii na tan ni uwiano wa pande, nitazieleza chini), 8 mara cos 30, kapata 6.93, na ndo jibu mlilochapa nyinyi. Binamu yao kaja na tan, 5 gawanya kwa tan 30, kapata 8.66. Majibu matatu kwa swali moja, na hilo la mwisho ni kituko kabisa maana upande wa kawaida umekuwa mrefu kuliko haipotenusi, kitu ambacho hakiwezekani hata ulale uamke. Kila mmoja anamwambia mwenzie umekosea, mi nimewaangalia kazi zao mstari kwa mstari, hakuna aliyekosea. Wote watatu wako sahihi kwa fomula waliyotumia. Aliyekosea ni pembetatu.

Hiyo pembetatu haipo, Mhariri. Huwezi kuichora. Pembe ikishakuwa nyuzi 30 kwenye pembetatu mraba basi upande unaoitazama lazima uwe nusu ya haipotenusi, hapo hakuna mjadala, na sababu yake mtoto yeyote anaweza kuiona kwa macho: chora pembetatu yenye pande tatu sawa, kila kona ina nyuzi 60, ikate katikati kuanzia kileleni hadi chini. Kona ya juu imegawanyika mbili imekuwa nyuzi 30, na upande wa chini nao umegawanyika mbili umekuwa nusu ya upande wa ubavuni, ambao sasa ndo haipotenusi. Basi. Kama haipotenusi ni 8, ule upande ni 4. Kama mnaupenda sana huo upande wa 5, haipotenusi iwe 10. Na kama mmeng'ang'ania 5 na 8 zote zibaki basi pembe siyo 30 tena, ni nyuzi 38.7 hivi. Chagueni viwili, cha tatu kitajichagua chenyewe.

Na hapo ndo naomba niseme kinachonikera, wala siyo nyinyi peke yenu. Mtu aliyetunga lile swali hakuchora. Kaandika namba tatu alizoziona nzuri, kaweka pembetatu ya mapambo pembeni, kaandika chini yake kwa herufi ndogo kwamba mchoro haufuati vipimo, kisha akabonyeza kalkuleta. Na wanafunzi wetu wanafundishwa hivohivo, kwamba sin ni mkabala (upande unaotazamana na pembe) gawanya kwa haipotenusi, cos ni jirani (upande mwingine unaoigusa pembe) gawanya kwa haipotenusi, tan ni mkabala gawanya kwa jirani, wanakariri kwa wimbo, wanabonyeza, jibu linatoka, na ukimuuliza mtoto hiyo 0.5736 iliyotoka kwenye skrini ni nini hasa anakutazama tu. Ni namba ya kalkuleta, ndo jibu nililowahi kupewa. Mi nasema kabla mtoto hajaonyeshwa hiyo batani ya sin achore kwanza, apime kwa rula, agawanye mwenyewe, aione namba inazaliwa kwenye karatasi yake.

Siyo kazi kubwa. Chukua karatasi, protrakta na rula. Chora mstari wa chini, kona ya kushoto fungua pembe ya nyuzi 35, vuta mstari wa mshazari mrefu tu. Sasa tembea na mstari wa chini kutoka kwenye kona mpaka sm 5, simamisha mstari wima mpaka uguse ule wa mshazari, upime. Utapata sm 3.5. Nenda mpaka sm 10, simamisha tena, utapata 7. Nenda mpaka 20, utapata 14. Umeona? 3.5 gawanya kwa 5, 7 gawanya kwa 10, 14 gawanya kwa 20, zote ni 0.7, na ungeenda mpaka kilomita 10 ungekuta wima wa kilomita 7. Hiyo 0.7 ndo tan ya nyuzi 35, hakuna uchawi mwingine. Kalkuleta itakwambia 0.7002, hizo mbili za mwisho rula yako haizioni. Halafu pima na mshazari wenyewe, pale kwenye sm 10 utakuta kama 12.2. Gawanya 7 kwa 12.2 upate 0.574, hiyo ni sin, gawanya 10 kwa 12.2 upate 0.82, hiyo ni cos. Mtoto aliyefanya hivi mara moja na pembe mbili tatu tofauti hawezi tena kukubali umpe pembe ya 30 na 5 na 8, atakwambia baba hii haikai.

Manake kiini cha mada nzima ni hicho tu, kwamba pembe ikishatajwa uwiano wa pande umeshatajwa, ukubwa wa pembetatu hauhusiki. Pembetatu ndogo ya kwenye daftari na pembetatu kubwa ya kwenye paa zikiwa na pembe zilezile zimefanana, na ndo maana unaweza kukaa mezani na karatasi ukajua mbao ya juu itakuwa na urefu gani kabla hujaigusa. Hili la kufanana ndo linalofundishwa wiki moja na kuachwa, kisha sin na cos zinakuja baadaye kama mada nyingine kabisa, wakati ni kitu kilekile.

Kitu kingine kinachowamaliza watoto ni majina ya pande. Wanadhani "mkabala" ni upande wa wima na "jirani" ni upande wa chini, siku zote, kwa sababu kila mchoro kwenye kitabu umekaa hivohivo, pembe mraba chini kulia na ile pembe inayotafutwa chini kushoto. Geuza kitabu tu wamepotea. Haipotenusi ndo haibadiliki, hiyo ni ile inayotazamana na pembe mraba na ndo ndefu kuliko zote, lakini hizo mbili zilizobaki majina yake yanategemea umesimama kona gani. Kwenye ule mchoro wangu ukisimama kona ya nyuzi 35, mkabala ni ule wa 7. Ukihamia kona ya juu, ambayo ni nyuzi 55 maana hizo mbili lazima zifike 90, sasa ule wa 7 ndo jirani yako na mkabala ni ule wa 10. Kwa hiyo sin ya 35 na cos ya 55 ni namba moja, ni uwiano uleule umetazamwa kutoka kona mbili. Nashangaa kwanini hili linaandikwa kwenye vitabu kama kanuni ya kukariri yenye sanduku lake la rangi wakati ni suala la kuhama kona tu.

Sasa nije kwenye lile ambalo hata watu wazima wenye vyeti vyao wanalikosea. Watu wanadhani pembe ikiongezeka mara mbili na urefu unaongezeka mara mbili. Haiko hivyo. Chukua fito ya mita 1, ncha moja iwe sakafuni kwenye kona isiteleze, inua ncha ya pili. Ukifika nyuzi 30 ncha iko sm 50 juu ya sakafu. Inua nyuzi 30 zingine, ufike 60, ncha iko sm 86.6. Malizia nyuzi 30 za mwisho ufike 90, fito imesimama wima, ncha iko sm 100. Kila mara umeinua nyuzi 30 zilezile, lakini ya kwanza imekupa sm 50, ya pili 36.6, ya tatu 13.4 tu. Ndo sin hiyo, inakimbia mwanzoni halafu inachoka, na haivuki 1 maana ncha ya fito haiwezi kwenda juu kuliko urefu wa fito yenyewe. Mtoto akiandika sin ya kitu fulani ni 1.6 (hiyo ni 8 gawanya kwa 5, kapindua) usimchape alama ya kosa tu, muulize fito ya mita 1 imefikaje mita 1.6.

Tan ni kinyume chake, yenyewe inaanza taratibu halafu inapandwa na wazimu. Nyuzi 45 ni 1 kamili, 60 ni 1.73, 70 ni 2.75, 80 ni 5.67, 85 ni 11.4, 89 ni 57.3, na ukisema 90 kalkuleta inakataa kabisa, na ina haki ya kukataa, maana kama mshazari umesimama wima na ule upande wa wima nao umesimama wima havitakutana milele, hakuna pembetatu hapo. Zamani haya yalionekana kwenye kitabu cha majedwali, unashusha kidole kwenye safu ya tan unaona kabisa namba zinavyoanza kurukaruka kule chini. Kalkuleta inakupa namba moja moja tu, huioni safari. Sisemi turudi kwenye majedwali, yalichosha, nasema tu kuna kitu macho yalikuwa yanajifunza bila kuambiwa.

Na hizo hesabu za majedwali zina umri mkubwa ambao ungetakiwa utajwe darasani hata kwa dakika tano. Ptolemy, mtaalamu wa nyota, alipokuwa Alexandria karne ya 2 aliandika jedwali la urefu wa nyuzi za duara (hapa siyo digrii, ni mistari inayounganisha nukta mbili za ukingo wa duara) kwa kila nusu digrii, mkono mtupu, na kabla yake inasemekana Hipparchus alishakuwa na lake ambalo limepotea. Aryabhata wa India mwaka 499 akatumia nusu ya huo uzi, ambayo ndo sin yetu ya leo, akaweka thamani 24 kwa kuruka nyuzi 3 na dakika 45 kila hatua. Lakini mi kama fundi wanaonifurahisha zaidi ni Wamisri, maana wao walifanya kazi bila digrii kabisa. Ipo hati ya mafunjo ya mwandishi Ahmes, ya kama mwaka 1550 kabla ya Kristo, iko Makumbusho ya Uingereza kule London, ndani yake kuna swali la piramidi yenye kimo cha dhiraa 250 na kitako cha dhiraa 360, tafuta mteremko wake. Jibu lao: chukua nusu ya kitako, 180, gawanya kwa 250, zidisha kwa 7 kwa sababu dhiraa moja ilikuwa na viganja 7, unapata viganja 5 na kasehemu, yani 5.04. Maana yake kwa kila dhiraa moja unayopanda juu, rudi ndani viganja 5.04. Walikuwa wanaita sekedi. Fundi anayechonga jiwe anahitaji nini zaidi ya hapo? Ukiigeuza kwa lugha yetu ni pembe ya nyuzi 54 na robo hivi lakini yule bwana pale juu ya piramidi hakuhitaji kujua hilo hata kidogo.

Na kwakweli hata sisi kwenye paa ndo hivohivo. Huwa nasikia mtu anasema siku hizi simu inapima pembe, unaiweka juu ya mbao inakwambia nyuzi 30, hesabu za nini. Sawa, tuifanye hesabu. Nyumba ina upana wa mita 8, kwa hiyo kutoka ukutani mpaka katikati ni mita 4. Paa la nyuzi 30, kimo cha katikati ni 4 mara tan 30, unapata mita 2.31, na mbao ya mshazari ni 4 gawanya kwa cos 30, mita 4.62 kabla hujaweka ya kutokeza nje ya ukuta. Sasa tuseme simu imekosea nyuzi 1 tu, mbao iko 31 wewe unasoma 30. Kimo kinakuwa mita 2.40. Hizo ni sm 9 na ushee, kwa digrii moja. Kenchi moja umeiweka na sm 9 zaidi ya mwenzie, bati litalala wapi? Ndo maana fundi anayejua kazi hapimi pembe akishafika juu, anapima urefu kwa futi kamba, sm kwa sm, pembe anaiacha kwenye karatasi. Pembe inakupa urefu, urefu ndo unajenga.

Hapohapo kuna jambo la mbao ambalo wenye nyumba huwa linawashtua. Paa la nyuzi 15 kwa upana huohuo mbao yake ni mita 4.14. Ukipandisha mpaka 30 ni 4.62, yani umeongeza nusu mita pungufu kidogo. Ukipandisha nyuzi 15 zingine mpaka 45 ni 5.66, umeongeza mita 1 na sm 4. Mtu anakwambia "inua kidogo tena kama ulivyoinua mwanzo", kidogo ya mwanzo na kidogo ya sasa siyo kidogo moja, na kila kenchi ina mbao mbili za namna hiyo.

Ngazi nayo. Kanuni inayofundishwa kwa watu wanaofanya kazi za juu ni 1 kwa 4, yani mguu wa ngazi uwe mbali na ukuta robo ya urefu. Sasa robo ya urefu upi, wa ngazi au wa ukuta? Nimeona watu wanabishana kwa hili mpaka jasho. Ukichukua urefu wa ngazi basi cos ni 0.25, pembe ni nyuzi 75.5. Ukichukua kimo cha ukutani basi tan ni 4, pembe ni nyuzi 76. Nusu digrii. Hakuna atakayedondoka kwa nusu digrii, simamisha ngazi ufanye kazi. Chenye maana ni kingine: ngazi ya mita 6 ukiiweka mguu mita 1.5 kutoka ukutani inafika juu mita 5.81, umepoteza sm 19 tu kwa kuifanya isianguke nyuma. Ukizembea mguu ukaenda mpaka mita 3 sasa uko nyuzi 60, juu umefika mita 5.20, na mguu una hamu ya kuteleza.

Nirudi kwa wanafunzi. Kuna ugonjwa wa kalkuleta ambao nao unatibika kwa kuchora. Kalkuleta ina namna zaidi ya moja ya kusoma pembe, digrii na radiani, na mtoto mmoja akichezea batani ikabaki kwenye radiani basi sin 30 inatoka hasi 0.988 badala ya 0.5. Nimeona daftari ambalo mwanafunzi kaandika urefu wa ukuta ni hasi mita 5 na kitu na akapigia mstari chini mara mbili kwa furaha kabisa. Ukuta hasi! Aliyechora hata kwa mkono tu bila rula angejua jibu liko kwenye tatu au nne, angeona kuna kitu kimekwenda mrama. Wengine wanachanganya ile batani ya kurudi nyuma (iliyoandikwa sin⁻¹), ya kutoka kwenye uwiano kwenda kwenye pembe, wanadhani ni 1 gawanya kwa sin. Siyo. Ile inauliza swali tu, "ni pembe gani yenye uwiano huu?", na ndo swali ambalo kwa lile la kwenu lingejibiwa 5 gawanya 8 ni 0.625, pembe nyuzi 38.7.

Na hiyo simu inayopima pembe, jamani, nayo inafanya hesabu hiihii. Ndani ina kihisi kinachosikia uzito unavutia upande gani, kinapata namba mbili, kiasi gani unavuta kwenda ubavuni mwa simu na kiasi gani kwenda chini yake, inagawanya moja kwa nyingine na kuuliza hiyo ni tan ya pembe gani. Kwa hiyo anayesema tuna simu basi tufute mada anasema tuna mpishi basi tufute chakula.

Ombi langu lingine, mkiweka maswali wekeni yale ambayo mtoto anaweza kutoka nje akajaribu. Urefu wa mnara ambao huwezi kuufikia chini yake, kwa mfano, kuna mto au kuna uzio. Simama mahali utazame kilele, pembe iwe nyuzi 45. Rudi nyuma moja kwa moja mpaka pembe ishuke kuwa 30, pima ulichorudi, tuseme mita 20. Pale pa kwanza umbali mpaka mnarani ni sawa na kimo, maana tan 45 ni 1. Pale pa pili umbali ni kimo mara 1.732. Tofauti yake ni kimo mara 0.732 na hiyo ndo mita 20 ulizotembea, kwa hiyo kimo ni mita 27.3, ongeza na urefu wa jicho lako kutoka ardhini maana hukupima ukiwa umelala. Mwanazuoni Al-Biruni mwanzoni mwa karne ya 11 alipima kimo cha mlima kwa pembe mbili za namna hiyo karibu na ngome ya Nandana, iliyoko Pakistani ya leo, halafu akapanda juu ya mlima akapima upeo wa macho umeshuka kiasi gani chini ya mstari wa usawa, kapembe kadogo, pungufu ya digrii moja, na kutoka hapo akapata nusu kipenyo cha dunia nzima kwa sababu mstari wa kutoka jichoni mpaka upeoni na nusu kipenyo cha dunia vinafanya pembe mraba. Pembetatu mraba yenye kona katikati ya dunia! Na hapo ndo unaona kwanini kupima pembe ndogo ni kazi ya watu wenye subira, maana pembe kama ya dakika 34 ukikosea dakika 1 tu, dunia yako inakua au inapungua kwa kama asilimia 6.

Kuhusu asilimia, niseme haraka maana naona barua imekuwa ndefu. Mkiandika habari za barabara huwa mnaandika mteremko wa asilimia fulani na watu wanasoma kama digrii. Asilimia 100 siyo ukuta, ni nyuzi 45, umeenda mita 1 umepanda mita 1. Njia ya kiti cha magurudumu inayotakiwa na kanuni nyingi za ujenzi ni 1 kwa 12, hiyo ni asilimia 8.3 lakini ni nyuzi 4.8 tu. Ukimwambia fundi asiyejua "asilimia 8" akaweka nyuzi 8, umempa mtu wa kiti mlima wa asilimia 14.

Mwisho, kama mnataka swali la shindano la wiki ijayo mi nawapa moja. Waambieni wasomaji walete pembetatu mraba ambayo pande zote tatu ni namba kamili na pembe zote ni digrii kamili. Wataanza na ile ya 3, 4, 5 ambayo mafundi tunaitumia kunyoosha kona za msingi, watapima watakuta nyuzi 36.87 na 53.13. Watajaribu 5, 12, 13, watakuta 22.62 na 67.38. Watajaribu 8, 15, 17. Wakileta ya nyuzi 30 kuna kipeuo cha 3 kitajipenyeza kwenye upande mmoja, wakileta ya 45 ni kipeuo cha 2. Wekeni zawadi kubwa mnavyotaka wala msiogope, imeshathibitishwa kihesabu kwamba haipo, hamtalipa.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi wa paa